Kanga ya Mama Iliyopanda Mawimbi

Ametutoka mchoraji wetu wa Hounslow, yule bwana wa Kizanzibari aliyekuwa akipakia mizigo ya ndege siku za kazi, na siku za mapumziko akifunga juu ya gari mbao zake za kutelezea baharini na kwenda pwani ya Cornwall kupanda mawimbi. Wasomaji wangu wa zamani watamkumbuka, maana nilimsifu katika safu hii zaidi ya mara moja, na leo sifa zile zinanikwama kooni. Miaka ya tisini wengi wetu hapa London tulikuwa watu tuliovuka bahari kwa kukimbia. Hatukutaka hata kuitazama. Yeye aliichezea. Akirudi kutoka Moroko au Ureno, ngozi imebabuka na macho mekundu kwa chumvi, alitusimulia mpaka tukajiona na sisi tumesafiri.

Mbao zake alizipamba mwenyewe gerejini, kisha akazifunika kwa gundi ngumu inayong'aa kama kioo. Siku moja alikuja kwangu kuazima kanga ya marehemu mama. Mama alipofariki tuligawana kanga zake, kama ilivyo ada, nami nikapata doti aliyotoka nayo Unguja, bado ina harufu yake ya udi. "Kipande kimoja tu, dada. Nataka ile pattern, niichore, Sunday nakurejeshea." Nikampa. Nani kwetu anamnyima jirani kanga?

Jumapili zikapita, kila nikiuliza naambiwa bado anachora. Kanga yenyewe nilikuja kuiona kwenye maonyesho ya sanaa aliyotualika, imelazwa ndani ya ubao chini ya ile gundi, imekatwa kwa mkasi kufuata umbo la ubao, maneno yake yameishia katikati. Wageni walikuwa wanasifu. Niliinama kuinusa, ikanuka plastiki, na machozi yakanitoka mbele za watu.

"Si ulisema utachora?"

"Nilichora, haikutoka. Mbona wakasirika? Kabatini ingeliwa na nondo. Sasa mama anasafiri, dada. The board inakwenda Ureno."

Hakuniomba radhi siku ile wala miaka iliyofuata, na kila tulipokutana dukani alinisalimia kwa bashasha, kana kwamba ni mimi niliyefadhiliwa. Nimewaza sana juu ya hawa wasafiri na wasanii tunaowapenda. Jirani akichukua chako utamwita mwizi. Msanii akichukua, unaambiwa hujui sanaa. Tunawashangilia kwa kuishi bila kufungwa na kitu, tukisahau kwamba kitu hicho mara nyingi ni cha mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani kwake, nimejitanda kile kipande cha doti kilichobaki kwangu. Dada wa marehemu alisimama mbele yetu wanawake, akatuomba tumsamehe ndugu yake kwa lolote alilotukosea. Tukaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Nami niliitikia, kwani katika nyumba ya msiba utasema nini? Halafu akaja kukaa nami, akaishika kanga yangu. "Ya zamani hii, shoga. Na ya pili yake iko wapi?"

"Imesafiri," nikamjibu.

Basi, ndugu wasomaji, kama mna mtu mliyemdhulumu, mwendeeni wenyewe mkiwa hai. Msamaha wa kuombewa na dada yako, sisi tutautoa. Lakini utatoka mdomoni tu.