Likizo ya Sabasaba tuliyozama Birika kutafuta gurudumu la mashine ya kijiji

Wakuu, heshima kwenu. Walio wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Jana nilipitia uzi wa kijana mmoja aliyekwenda kuzamia baharini na mtungi mgongoni, mkawa mnambishia kwamba hayo mambo ni ya wazungu na watalii. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia.

Mimi ni mama mtu mzima. Nimezamia. Tena sio baharini, ni mtoni, milimani Lumuma, wilaya ya Kilosa, miaka ile ya mwanzo ya sabini. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na maji yake niliyanywa kwa pua.

Picha sina, msiulize. Kamera nani alikuwa nayo?

Twende.

Nilikuwa form three, shule ya bweni ya wasichana. Likizo ya Juni nikirudi nyumbani nakuta kipupwe kimekaa milimani, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Mto ulikuwa umepungua na kuwa safi, unaona mpaka kokoto za chini.

Chini ya mwamba palikuwa na shimo la maji, refu kwenda chini kuliko nyumba. Tuliliita Birika. Jina la kejeli hilo, maana maji yake yangeweza kukutoa meno kwa baridi.

Tulikuwa wanne. Mimi Damari, kaka yangu Yohana, rafiki yangu Perusi, na Athumani.

Athumani hakuwa wa kwetu. Kwao ni Mvumi, huko bondeni, na alisoma na Yohana middle school. Baadaye akapata kazi kwenye ujenzi wa bwawa la umeme, akawa msaidizi wa wazamiaji wa kigeni wanaofanya kazi chini ya maji. Wakamfundisha, akaiva.

Kila mwaka likizo yake aliipanga iangukie Sabasaba, anapanda lori mpaka Mikumi, anapata jingine mpaka Kilosa, halafu anatupandia milimani na mchele wa kwao. Mama yangu alimpenda kwa ajili ya ule mchele. Sisi tulimpenda kwa ajili ya miwani ya kuzamia.

Mwaka ninaousimulia alikuja na mtungi kabisa. Bosi wake alimwazima ule wa mazoezi.

Hapa nisimame kidogo. Wengi mnaandika "mtungi wa oxygen". Hapana. Ni hewa hii hii ya kawaida, imeshindiliwa. Athumani alikuwa anakasirika ukisema oxygen.

Wiki ile, wakuu, sitaisahau. Tukimaliza kazi za shamba tunashuka Birika. Athumani anatufundisha mmoja mmoja. Jinsi ya kupumua polepole. Jinsi ya watu wawili kupokezana mdomo wa mtungi mmoja chini ya maji, unavuta mara mbili, unampa mwenzako.

Na sheria yake kubwa: "Ukishavuta hewa ya mtungi huko chini, wakati wa kupanda puliza. Usizuie pumzi hata kidogo, mapafu yatapasuka."

Tukitoka tunatetemeka kama wagonjwa wa malaria. Perusi anakuwa ameshawasha moto, ameweka chai ya tangawizi na magimbi kwenye majivu. Tunakaa tumejifunika blanketi moja la jeshi, tunasikiliza redio ya Yohana, tunabishana mpaka jua linaingia nyuma ya kilima. Sisi wa kanisani, Athumani anatandika kanga ya Perusi pembeni anaswali, anarudi, ubishi unaendelea ulipoishia.

Mama hakufurahi.

"Msichana wa sekondari unazama mtoni na wanaume. Ukifa nitawaambia nini walimu wako?"

"Mama, tuko na Yohana."

"Yohana ndiye nani, Petro anayetembea juu ya maji?"

(Edit: kuna mdau ameuliza kuhusu mamba. Kule juu maji ni baridi mno, mamba wako bondeni.)

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, kijiji cha ujamaa. Watu walikuwa wameshushwa kutoka kwenye vitongoji vyao vya milimani, wengine kwa kupenda, wengine kwa kununa. Waliahidiwa shule, zahanati na mashine ya kusaga. Mashine ndiyo akina mama waliyoing'ang'ania. Mama yangu alikuwa anatwanga tangu akiwa mtoto, viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli.

Mwishoni mwa wiki ile mashine ikaja. Lori liliishia ng'ambo ya mto, vifaa vikabebwa kwa miti mabegani kupita daraja la magogo. Vyote vilivuka salama isipokuwa lile gurudumu zito la chuma linaloendesha injini. Gogo lilibiringika, wabebaji wakaruka kujiokoa, gurudumu likaserereka kwenye mwamba na kutumbukia Birika.

Bila gurudumu, injini ni chuma tu cha kukalia. Na kupata jingine zama zile ungeweza kungoja mpaka watoto waote ndevu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani mwenyewe, kofia mkononi.

"Sabasaba wageni wanakuja kuona mashine ikiunguruma," alimwambia Athumani. "Lakini wageni sio shida yangu. Shida yangu ni hawa akina mama. Niliwashusha mlimani kwa maneno ya mashine. Wakirudi kule juu, sina uso wa kuwafuata."

Athumani akamjibu, "Mzee, nitajaribu. Ila hewa imebaki kidogo, tumeichezea wiki nzima."

Kesho yake mchana kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Athumani akavaa mtungi. Yohana akashika kamba ya ishara. Mvuto mmoja, niko salama. Mivuto mingi, nivute. Kamba nene ya kufungia gurudumu akashuka nayo mkononi.

Tukaona mapovu. Yanatoka, yanasogea, yanatoka. Kisha mvuto mmoja, na kamba nene ikakaza. Ameshafunga! Watu wakapiga vigelegele.

Halafu mivuto mingi.

Yohana akavuta. Kamba haikuja. Akavuta tena mpaka miguu ikateleza. Nikamwona kaka yangu uso unabadilika.

Mimi nilikuwa nimesimama majini hadi kiunoni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu sauti ya mama ikiita jina langu, kisha baridi ikaniziba masikio.

Nilishuka nikiifuata kamba kwa mikono. Miwani sina, naona ukungu wa kijani tu. Pale chini nikagusa mkono. Athumani alinikamata kwa nguvu, nikafikiri ananizamisha. Kumbe ananiongoza mgongoni kwake. Mkanda wa mtungi ulikuwa umenasa kwenye tawi la gogo lililolala chini, mahali asipoweza kufikia mwenyewe.

Nikavuta mkanda. Haukutoka. Kifua kinawaka moto.

Ndipo nikahisi kitu kinanigusa mdomoni. Alikuwa ametoa mdomo wa mtungi wake akanipa mimi.

Wakuu, fikirieni. Mtu amenasa, hewa inaisha, anakupa wewe.

Nikavuta mara mbili, nikamrudishia. Hewa ya mvuto wa pili ilikuja nzito, kama unanyonya uji kwa mrija. Nikarudi kwenye mkanda, safari hii nikausukuma kinyume badala ya kuvuta, ukachomoka. Nikampiga bega. Tukapanda, nikipuliza mapovu njia nzima kama alivyotufundisha.

Tulipotokeza juu sikusikia makelele. Nilimsikia Perusi tu, anacheka na kulia kwa pamoja.

Mama alinifunga kanga yake. Nikangoja matusi. Akaniambia taratibu, "Umemtoa mtoto wa watu." Kisha akamshika Athumani shavu. "Na wewe, kwenu wanajua mtoto wao ana wazimu?"

"Wanajua, mama," alisema, meno yanagongana.

Gurudumu lilivutwa na kijiji kizima, akina mama mbele, vibwebwe viunoni. Lilipotokeza kwenye mwamba, wapo waliolibusu.

Sabasaba mashine iliunguruma. Hotuba zenyewe sizikumbuki. Namkumbuka mama, debe lake la mahindi likiwa tayari limeshakuwa unga, bado kasimama pale, mikono imelegea kando.

"Mama, twende nyumbani."

"Subiri," akasema. "Sijui leo nikifika nyumbani nifanye nini."

Likizo zile ziliisha kama zinavyoisha. Athumani alihamia kazi nyingine, mimi nikaenda chuo cha ualimu, Perusi akaolewa Mpwapwa. Hatukuwahi tena kukaa wanne kwenye blanketi moja. Yohana ametangulia, Mungu amrehemu.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Lumuma. Birika limejaa mchanga. Vijana wanaolima vitunguu wametega pampu zao, maji yananifika magotini. Nikavua viatu nikaingia, nikampigia Athumani. Yuko Morogoro, mzee kama mimi.

"Uko wapi, mbona kelele za maji?"

"Nimesimama Birika."

Nikaisogeza simu karibu na maji asikie vizuri.

"Baridi?" akauliza.

"Kama zamani."

"Basi toka, Damari. Safari hii mimi siko karibu."

Nilichojifunza, wanangu: watu utakaocheza nao likizo wachague vizuri, maana siku ya siku ndio watakaokuwa chini ya maji pamoja nawe. Na ukipewa pumzi, vuta mara mbili tu, rudisha.

Haya, nimemaliza, macho yameuma. Wewe mto wenu ulikuwa upi, na ulikuwa unazama na nani? Andikeni hapo chini, nitasoma zote nikishapata chai.