Faini ya Heshima Yangu kwa Baba Mkwe

Mimi na baba mkwe wangu, mzee wa Ijumbi, tuna ubia wa kununua na kuuza kahawa. Mwaka huu alisema ritani ya kodi ya ubia wetu, ile taarifa ya mapato, ataiwasilisha yeye. Muda ukayoyoma, nami sikuuliza. Nitaanzaje kumkumbusha mzee aliyenipa binti yake? Nikawa nampelekea senene na kumuulizia migomba yake, najiona mkwe wa kuigwa.

Ujumbe wa faini ya kuchelewa ulipoingia kwenye simu yangu, nikaamua kuilipa kimyakimya ili mzee asiaibike. Nyumbani niliaga kwamba naenda Kagoma kuangalia kahawa, kumbe naelekea Bukoba, ofisi ya kodi.

“Dada, naomba sana baba mkwe wangu asijue,” nikamwambia karani dirishani.

Akatazama benchi lililokuwa nyuma yangu, akajizuia kucheka. “Naye ameniomba hivyo hivyo, mkwewe asijue.”

Nikageuka. Mzee alikuwa amekaa pale, kofia imeshuka hadi machoni.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “ule mtandao wao wa kuwasilishia ritani ulinishinda. Siku zote nilikuwa nangoja uniulize.”