Mwamba wa Kuonea Samaki

Niliondoka kijijini kwetu Lundo, kando ya ziwa, na suruali moja, nikarudi na stashahada ya umeme, na katikati hapo hakuna mjomba, padri wala mbunge aliyenishika mkono. Nilibeba magunia ya kahawa Mbinga, nikalala kwenye stoo ya tajiri, nikajisomesha mwenyewe. Leo duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya Mbinga ni langu, na nyumba yenye taa nyingi kuliko zote pwani ya kwetu ni yangu pia. Nayasema haya mapema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyeombwa kueleza Injili Alhamisi ile, na kwa nini alikubali upesi.

Watu wa kanisa letu kule Lundo hukutana Alhamisi mchana, nyumba kwa nyumba, kusoma Biblia. Wiki ile, muda mfupi baada ya Pasaka, zamu ilikuwa ya baba mdogo. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Simhesabu miongoni mwa walionisaidia kwa sababu huyo ni baba.

Enzi za nyavu za kuvuta, baba mdogo alikuwa mwonaji. Aliyekaa ndani ya mtumbwi hawezi kuliona kundi la samaki lililo mbele yake, kwa hiyo wavuvi walimweka mtu juu ya mwamba mrefu unaoingia ziwani. Kutoka juu aliona weusi ukitembea chini ya maji, akapunga kitambaa na kupiga kelele: kulia, kushoto, teremsheni. Mgawo wake ulikuwa sawa na wa mwenye wavu, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa macho hayo yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikuwa nimemwandikisha kwa madaktari wa macho ambao wangekaa Mbinga wiki moja, na zamu yake ilikuwa Jumatatu. Alikubali, lakini kwa namna iliyonikera. Kila nilipomtembelea aliniomba nimsomee habari za yule kipofu aliyepakwa tope na Yesu, akatumwa kwenda kunawa birikani. Nikaona hatari iko hapo. Nikasema moyoni, mzee huyu anasubiri tope. Siku ya safari itafika na yeye atabaki kwenye kiti chake akingoja muujiza. Nikaazimia kumtoa huko kabla ya Jumatatu.

Somo la siku hiyo likanipa nafasi. Lilihusu wanafunzi waliovua usiku kucha bila kupata kitu, na alfajiri mtu aliyesimama ufukweni akawaambia watupe wavu upande wa kuume. Nilisoma vizuri, maana kusoma najua. Kisha nikafunga kitabu nikawaambia hapo hakuna muujiza hata kidogo. Aliye ufukweni aliona asichokiona aliye majini.

“Yesu alikuwa mwonaji,” nikasema. “Kama baba mdogo hapa.”

Watu walicheka kwa furaha, na kicheko chao kikanivimbisha kichwa. Sikuishia hapo. Mikate mitano nikaieleza: watu walikuwa na vyakula kwenye mikoba, wakaoneana haya, wakavitoa. Habari ya kutembea juu ya maji nikaieleza: kulikuwa na fungu la mchanga. Yule kipofu naye, nikasema, huenda macho yake yalijaa tongo tu, akanawa yakafunguka. Katekista alikuwa akiangalia viatu vyake. Mama mmoja muuza maandazi, ambaye hajawahi kuniogopa, akauliza, “Na kaburini, fundi, kulikuwa na mchanga gani?”

Nilijibu kwa maneno mengi. Sikumbuki hata moja, na hilo linanisumbua kuliko kama ningekumbuka upuuzi mtupu. Baba mdogo alikuwa ameinamisha uso kama mtu anayesikiliza injini ya mbali.

Jumamosi mama mdogo, mkewe, akashuka kwenye basi Mbinga akiwa na kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, akaja moja kwa moja dukani. Alipokea shikamoo yangu bila kukaa. Mzee hataki tena kwenda hospitali, akasema.

Nikamwambia ndivyo nilivyotabiri, anangoja muujiza.

“Hangoji kitu,” akasema mama mdogo. “Kisu anakiogopa tangu ujana. Kilichomfanya akubali ni yule kipofu. Alisema kama Mungu alifungua macho ya yule, hatashindwa kuuongoza mkono wa daktari. Sasa wewe umesema alikuwa na tongo. Mzee anasema basi hakuna kipofu aliyewahi kufunguliwa macho tangu dunia iumbwe, na yeye ni nani hata aanze kufunguliwa yeye?”

Nikaanza kueleza vifaa vya kisasa. Akaweka kikapu juu ya kaunta.

“Mueleze hivyo hivyo,” akasema. “Nyaya zako atazielewa.”

Alipoondoka nilipanga upya rafu ya swichi, kisha nikaipanga tena ilivyokuwa. Nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nani. Ukweli ni ukweli, nilijiambia, hauwezi kumdhuru mtu. Lakini nilichosema pale Alhamisi, nilikijua au nilikibuni? Nilikuwa nimewahi kuliona fungu lile la mchanga? Kazi yangu ni kupima waya kabla sijasema hauna umeme. Pale sikuwa nimepima kitu.

Jumapili baada ya ibada nikateremka Lundo. Pale Tingi, mlimani, kulikuwa na ukungu, nikaendesha vibaya, nikimlaumu kila mwenye bodaboda. Baba mdogo nilimkuta barazani, mikono juu ya magoti. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza lenzi, mwanga, jinsi ukungu wa jicho unavyotolewa na kioo kidogo kuwekwa. Akawa anaitikia, “Sawa, mwanangu, sawa,” kama anavyoitikiwa mtoto anayehesabu mpaka mia.

“Nisomee yule kipofu,” akasema. “Nisomee tu. Usinieleze.”

Nikasoma. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi, lakini daima jicho langu lilikimbia mbele kutafuta mahali pa kushikilia, pa kusema hapa ndipo penye siri. Safari hii nilikwenda na neno moja moja. Majirani wanabishana kama ndiye au siye. Wazazi wanaogopa kutoa ushahidi. Wasomi wanamhoji, wanamrudia, wanamtukana, na yeye hana ila jambo moja: alikuwa haoni, sasa anaona. Nilipofika kwa wale wasomi sauti yangu ilipungua, na nilijua baba mdogo amesikia.

“Alikwenda birikani mwenyewe?” akauliza nilipomaliza.

“Mwenyewe.”

“Na njiani alikuwa bado haoni.”

“Bado.”

Akaniuliza kama ninaamini nilichosoma. Nikasema nimesoma kilichoandikwa. Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

“Hilo ni jibu la stashahada,” akasema. “Haya. Gari lako linaondoka saa ngapi?”

Jumatatu alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake bandeji ilipotolewa, daktari kijana akamwinulia vidole na kumuuliza ni vingapi. Baba mdogo akatazama kwa muda mrefu mno, mpaka nikashika ukingo wa kitanda. “Vitatu,” akasema, “na kimoja kina pete.” Kisha akageuka akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Njia nzima ya kurudi alisoma vibao vya barabarani kwa sauti. Alipomshukuru Mungu pale mlimani sikumsahihisha, na sikuona kama daktari amepunjwa. Bado niliwashwa na neno.

Jicho lilipopona vizuri, baba mdogo aliniita nije Lundo, nilale kwake, na asubuhi kabla ya jua nimsindikize mwambani. Nilipanda nyuma yake nikiwa na tochi yangu ya kazi. Tukasimama. Kwetu ziwa liko magharibi na milima iko mgongoni. Jua hubaki nyuma ya milima muda mrefu, na ufuko wote unakuwa ndani ya kivuli. Maji yalikuwa kama bati jipya.

“Mwonaji,” akaniambia, “nionyeshe samaki.”

Sikuona kitu. Nikasogea ukingoni, nikainama, sikuona kitu.

“Nilikuwa napanda hapa saa tatu,” akasema. “Alfajiri nilikuwa nimelala. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniletea uji hapa. Mwamba ulikuwaje?”

Ulikuwa unaunguza nyayo. Nilikumbuka mara moja, hata vile nilivyorukaruka nisimwage uji. Jambo hilo nililijua kwa ngozi ya miguu yangu mwenyewe, na Alhamisi ile, mbele ya watu wa ufuko huu huu, nilimsimamisha mwonaji kazini alfajiri, gizani.

Nikamwambia ziwa lile la kwenye Injili silo hili. Nalo lina pande mbili, labda upande ule mwanga ulikuwa tofauti. Sikusema kwa ubishi, au nilisema kwa ubishi. Siwezi kutofautisha tena.

“Labda,” akasema. “Hujafika huko, na mimi sijafika. Ila siku nyingine useme labda.”

Tukakaa. Jua lilipopita milima, mwanga ukaanza mbali, ukaja taratibu kuelekea kwetu, maji yakafunguka kutoka bati kuwa kijani. Baba mdogo akasimama. Jicho lake la kushoto bado linasubiri zamu. Alilifunika kwa kiganja, akanyoosha mkono mwingine upande wa kulia.

“Pale,” akasema.

Nina macho mawili mazima, na niliangalia alipoonyesha mpaka yakanitoka machozi.