Zabibu za Chilongani Zimekosa Mwizi

Mzee Chilongani anaheshimiwa mtaa mzima wa Kiseke, na heshima hiyo inammaliza polepole. Watoto shikamoo, mama wa genge shikamoo, mpaka mlevi wa mtaa humvulia kofia kabla ya kuangukia mtaroni. Hakuna wa kumtukana.

Alikuwepo mmoja, Shimba, jirani wa ukuta mmoja. Shimba Msukuma, Chilongani Mgogo: watani. Chilongani alipostaafu reli alitoka kwao Dodoma na vipande vya mzabibu ndani ya gunia bichi. Makutupora nyekundu, zabibu ya mvinyo, iliyozoea mchanga na kiu. Hapa ziwani mvua ikauletea mzabibu ugonjwa wa ukungu. Akapogoa, akapulizia dawa, akaupigia magoti zaidi ya anavyopiga kanisani. Ulipozaa, Shimba aliruka ukuta mchana kweupe, akachuma shada zima, akamtemea mbegu mlangoni.

"Mgogo we! Umeacha kuomba barabarani, sasa unalima siki?"

"Rudi kwenye michembe yako ya viazi, mwizi!"

Mtani haombi ruhusa.

Shimba alizikwa mwezi wa tatu. Msibani Chilongani alijilaza mbele ya jeneza, akagoma: marehemu haendi popote mpaka atapike zabibu zake. Waombolezaji wakacheka wakashika mbavu. Yeye alichelewa kuinuka.

Sasa mashada yameiva tena. Nyumba ya Shimba amepanga Truphosa, Mjaluo wa Rorya, si mtani wake, mama mwenye adabu zake. Chilongani akaacha geti wazi. Wapi! Akayasukuma matawi yakaning'inia upande wa pili. Kesho yake Truphosa akabisha hodi na beseni.

"Shikamoo baba. Zabibu zako zilidondokea kwangu, nimekuokotea." Amezikosha kabisa.

"Si ungekula tu?"

"Bila idhini yako? Hapana, baba."

Chilongani akajikaza. "Wewe mama, una mdomo kama kambare!"

Truphosa hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliweka beseni chini, akamgusa paji la uso.

"Baba, leo umekula kweli?"

Akamletea uji, akakaa naye mpaka akaumaliza. Mzee akashukuru kwa adabu, naye akaagwa kwa adabu.

Alipobaki peke yake akasimama chini ya mzabibu, akajitukana kwa lafudhi nzito ya Kisukuma, kama Shimba. Tusi lilitoka safi. Kisha akaugeukia ukuta, akitafuta la kumjibu Shimba.