Picha ya Badawy

Mwanzoni kampuni iliitwa TB Designs, T ya Tryphena na B ya Badawy. Walisomea usanifu wa picha kwa kompyuta pamoja Mombasa, wakakodi chumba karibu na soko la Voi na kupaka jina mlangoni kwa rangi nyekundu. Wateja hawakuja. Nani atataka kuonekana akitoka TB, kama mgonjwa wa kifua kikuu? Walipong'amua, Badawy alicheka mpaka akakaa chini. Wakageuza herufi, BT ikapata kazi.

Kazi yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa matanga. Mabango ya wanasiasa huja na uchaguzi, lakini kilichowalisha ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu, historia yake na nyimbo. Badawy alibuni moja ya mfano, na mahali pa marehemu akaweka picha yake mwenyewe. Siku moja wakasahau kuitoa, nyanya wa watu huko Ronge akaagwa kwa sura ya kijana mwenye kofia na ndevu. Waombolezaji waliangua kicheko. Tangu hapo, chini ya picha Badawy aliandika: MIMI SIJAFA BADO. NITOE, WEKA MAREHEMU.

Mwezi wa tano moyo wake ulisimama, asubuhi, akinywa chai. Jua halijatua alikuwa ameshazikwa. Wanaume walikwenda makaburini. Tryphena alibaki mkekani na wanawake, mikono mapajani, asihisi chochote, na hilo lilimtia hofu. Kila aliyemfia, hata babake, alimlilia akiwa kazini, akimchagulia picha nzuri.

"Mama, nimtengenezee programu?" alimwuliza Mwanaesha, mamake Badawy.

"Mwanangu, sisi Waislamu hayo hatuna. Muombee tu."

Alijaribu kuomba, maneno yakatoka makavu. Alirudi ofisini, akachapa kadi za harusi, akala, akalala. Watu walimsifu kwa kujikaza. Kujikaza gani! Alikuwa amekufa ganzi. Kazi za mazishi alizikataa, akisingizia mashine.

Ndipo akaja Thadeus kutoka Mwatate, picha ya mamake imefungwa kwenye leso.

"Mashine imeharibika," Tryphena akasema.

"Si naiona ikichapa, dada?"

Tryphena akaketi kwenye kompyuta. Akafungua ule mfano, na Badawy akajaa kwenye kioo. Thadeus akasoma maandishi, akatabasamu.

"Huyu ni mcheshi. Ako wapi leo?"

"Amefariki." Hakuwa amelitamka neno hilo hata mara moja.

"Woi, pole sana."

Kidole cha Tryphena kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Hakukibonyeza. Aliichukua picha ya yule mama, akaivuta polepole juu ya Badawy mpaka ikamfunika kofia, macho, ndevu na yale maneno yake. Kijitabu kikichapwa hataonekana, lakini yumo chini.

Hivyo ndivyo alivyomzika mwenzake. Kisha akalia kwa sauti, na Thadeus, mwenye msiba wake mwenyewe, akamshika bega.