Mtu wa Pwani wa Mbamba Bay

Masoudi Bakili ana duka Mbamba Bay, na ni mtu wa pwani. Babu yake alitoka Mikindani. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa kando ya Ziwa Nyasa na alikuwa hajawahi kuvuka Songea. Hilo la mwisho halikuwamo katika mazungumzo yake. Wateja kutoka Malawi, ambao nchi yao haina bahari, walimuuliza habari za bandari, naye aliwajibu kwa upole wa mwenye mali.

Mwaka jana wakulima wa kahawa wa Kingerikiti, milimani jirani, waliamua wajumbe wawili waende Mtwara wakaione meli inayochukua kahawa yao. Kahawa wanailima tangu enzi za wazazi wao. Ikishashika barabara ya Songea, hawaioni tena. Wakamchagua mkulima mwenzao, Mama Hildegardi, na wa kumwongoza akawa Masoudi, maana bahari ni kwao. Kukataa kungehitaji maelezo. Akavaa kanzu, wakapanda basi.

Ufukweni Mtwara, Masoudi alifanya afanyavyo kila mtu wa Nyasa akifika majini: alivua viatu, akaviacha ukingoni, akachota maji kiganjani asukutue. Akayatema mbali.

"Machafu?" aliuliza Hildegardi.

"Chumvi leo wamezidisha."

Wakaenda kuitazama meli. Ziwa Nyasa ukiliacha mahali, unalikuta palepale. Waliporudi, palipokuwa na viatu palikuwa na bahari. Kiatu kimoja kilionekana kwa mbali, kikielekea nje ya nchi bila kulipiwa ushuru.

"Mzee Masoudi, kwenu maji yanaiba?"

"Mama, hata mimi leo ndiyo kwanza nayaona."

Hildegardi alicheka mpaka akakaa mchangani. Masoudi hakucheka. Njia nzima ya kurudi alijiona akiitwa mtu wa pwani kwa dhihaka, na Wamalawi wakihamia duka la jirani.

Kwenye kikao cha Kingerikiti, Hildegardi alisimulia meli, winchi na magunia, viatu hakuvigusa. Mwenyekiti Joakim akamgeukia Masoudi.

"Enhe, Mzee, bahari umeikutaje? Imebadilika?"

Masoudi alimtazama Hildegardi. Hildegardi alikuwa akitazama dari.

"Sijui kama imebadilika," alisema Masoudi. "Sikuwahi kuiona kabla."

Joakim alikuna kidevu.

"Kaa, Mzee wangu. Mimi Mkatoliki tangu tumboni, na Roma sijafika."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Masoudi akiwamo. Kisha wakaingia kwenye suala la mbolea.