Njia ya Mikoroshoni na Baiskeli ya Baba

Enzi zetu baiskeli haikuwa kitu cha mtoto kununuliwa siku ya kuzaliwa. Siku yenyewe ya kuzaliwa wengine hatukuijua. Baiskeli ilikuwa ya baba, ya Kichina, nyeusi, yenye bomba refu la juu na keria ya kubebea gunia, na usiku ililala ndani pamoja na watu. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia huku kwetu, kati ya mji wa Mtwara na mlango wa Ruvuma, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi niliishia darasa la saba na sina hakika kama najua kuyapanga maneno. Palipo na kosa, mwenye kukumbuka vizuri zaidi anisahihishe. Lakini kuhusu ile njia hamnisahihishi. Ile njia naijua kwa mapaja na kwa makalio.

Mnakumbuka tulivyohamia. Kitongoji chetu cha zamani kilikuwa ng'ambo ya vilima viwili, kila mtu na nyumba yake katikati ya mikorosho yake. Tukaambiwa tuje tuishi pamoja kando ya barabara kubwa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Wengine huandika kwamba yote yalikuwa mabaya, wengine kwamba yote yalikuwa mazuri. Mimi nasema niliyoyaona. Shule niliipata kule, maji ya bomba niliyaonja kule, na mama alimzaa mdogo wetu wa mwisho mikononi mwa mkunga mwenye gauni jeupe. Ila sisi tulihama, mikorosho ikabaki ilikokuwa.

Na desturi ya kwetu mnaijua. Mkorosho uliofagiliwa chini una mwenyewe. Ule ambao majani yameota mpaka magotini, korosho zinaozea humo na mabibo yake, huo umeachwa, na atakayetangulia kuufagia ndiye wake. Hakuna baraza litakalomwita. Ndiyo maana mwaka ule mama alikuwa halali vizuri. Baba alikuwa kibarua bandari ya Mtwara, amepanga chumba Magomeni ya huko huko mjini, nyumbani anakuja akipata lori. Kaka alikuwa jeshini, JKT. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, na asubuhi sote tulitakiwa shamba la kijiji. Jioni iliyobaki haikutosha kwenda mikoroshoni kwa miguu na kurudi.

Mikorosho ilikuwa ya ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli hakuwa baba, alikuwa mjomba. Akaja, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji yote kwanza.

"Dada, mimi sikuonei," alimwambia mama. "Lakini korosho zikikaribia kuanguka nitapita kule. Nikikuta majani, nawapa watu wa kitongoji cha jirani. Bora waokote watu kuliko uokote moto."

Nimemlaumu mjomba miaka mingi kwa maneno yale, na nikiyapima naona alikuwa na haki yake. Msimu uliotangulia moto wa nyasi ulikuwa umemaliza shamba la mtu mzima na akili zake, hivi hivi, kwa kukosa kufagiliwa.

 Alipoondoka mjomba, mama aliingia ndani akatoka na ufagio mkubwa wa vijiti, akaulaza juu ya keria ya baiskeli ya baba na kuufunga kwa mpira. Kisha akanitazama.

Kuendesha nilikuwa najua. Baba alinifundisha nikiwa mdogo, uwanja wa mikutano, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba, mwili umepinda kama kaa. Hakuna aliyesema neno, mtoto ni mtoto. Ila sasa nilikuwa nimetoka unyagoni. Miguu ilikuwa imerefuka, haipenyi tena. Ilinibidi nirushe mguu juu ya bomba, kweupe, mbele ya watu, kama mwanamume. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wavulana wa kijiji walinikimbilia nyuma wakiliimba jina langu, "Somoe dume! Somoe dume!" Nikawajibu bila kugeuka, "Dume linapita, pisheni!" Nikapiga kengele. Moyoni nilikuwa natetemeka, lakini kengele haikutetemeka.

Sasa niwaambie ile njia, maana wengi mnaijua kwa kuitembea, na kuitembea ni kitu kingine. Ukitoka kijijini unaanza na mteremko mrefu wa udongo mwekundu, mgumu, uliopigwa na mvua za miaka. Unaacha pedali, unaacha breki, upepo unaingia ndani ya khanga unakujaza kama puto. Chini kuna bonde la mpunga na daraja la magogo. Hapo unashuka kwa heshima, ukifanya ujeuri unaogea matope. Halafu kilima cha kwanza. Mchanga wake unameza tairi. Unasimama juu ya pedali, unasukuma kwa uzito wa mwili wote, jasho linaingia machoni, na bado njiwa wanakupita wakitembea. Kileleni ndipo kuna kimya. Unasikia mnyororo tu na pumzi yako. Upepo unaleta chumvi, na mbali kabisa unaona mikoko ya Ruvuma, mstari wa kijani kizito, na nyuma yake Msumbiji. Kilima cha pili ni cha upole, kimelala kama tumbo la mtu aliyeshiba. Unakipanda bila kujua, unakishuka bila kujua, na harufu ya mabibo inakupokea kabla hujaona mti.

Kule nilifagia. Nilikula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha niliyofungiwa na mama, nikanyonya mabibo ya kwanza mpaka koo likakwaruza na khanga ikapata madoa yasiyotoka hadi leo. Safu moja leo, nyingine kesho, jioni narudi na jua liko begani.

Siku moja Bi Zaituni alinisubiri pale mteremko unapoanza. Huyu ndiye aliyesimamia unyago wetu, na hakuna msichana kijijini ambaye hakumwogopa. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Shuka."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shuka. Nilikufunda nini mimi kule porini? Nilikufunda kutanua miguu barabarani?"

"Ulinifunda kutunza vya kwetu, bibi."

Waliokuwa wakitwanga vibarazani waliacha kutwanga.

"Ulimi umeota pembe huo!" alisema. "Nani atakuja kukuoa wewe, fundi baiskeli?"

"Asiyenitaka aniache. Mikorosho nitabaki nayo."

Sijui kama ningesema hivyo tena. Labda ilikuwa utovu wa adabu, na kama ilikuwa hivyo, basi ilikuwa. Mama alikuwa amesikia kelele, akaja mtoto akiwa mgongoni, unga wa muhogo mikononi. Hakupandisha sauti.

"Dada Zaituni," alisema, "huyo ukimshusha, panda wewe."

Mtu mmoja akacheka, kisha kibaraza kizima. Bi Zaituni alinitazama, akautazama ule ufagio, akaachia usukani kidole kimoja kimoja.

"Nimeachia," alisema. "Sijakubali."

Na kweli hakukubali mpaka Mungu alipomchukua. Namtetea hapa kwa sababu hawezi kujitetea: aliogopa nikianguka juu ya lile bomba nitaumia, na aibu itamrudia yeye aliyenifunda. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Ila nami nilikuwa na yangu, na ya kwangu ilikuwa na majani yanayoota kila siku.

Mjomba alikwenda mikoroshoni kwa miguu, bila kutuambia. Nilifika nikamkuta amesimama katikati ya shamba, mikono nyuma. Nikaegemeza baiskeli, nikapiga goti kumsalimia. Aliitikia, akaanza kuzunguka, mti hadi mti, anachungulia chini kama mtu aliyedondosha sindano. Nilimfuata nyuma. Tulipofika safu za mwisho, upande wa kitongoji cha jirani, moyo ulinishuka. Chini palikuwa pamefagiliwa, safi kabisa, lakini mimi nilikuwa sijafika huko.

"Hapa umefagia wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, mjomba," nikasema. "Hapa wamenitangulia."

"Basi hizi zimekwenda," alisema. "Aliyefagia amefagia. Zilizobaki ni za mama yako, na baada yake ni zako. Nitawaambia watu wa huku wasivuke."

Nililia njiani, sitaficha. Nililia kilima cha pili chote kwa ajili ya zile safu. Lakini desturi iliyonipa mimi ndiyo iliyowapa wao, na siwezi kuipenda upande mmoja. Wajukuu zao wanaokota pale mpaka leo, tunasalimiana vizuri, na kila msimu nawatupia jicho.

Siku hizi wajukuu zangu wana pikipiki. Kutoka kijijini hadi mikoroshoni wimbo mmoja kwenye simu haujaisha, na bado wananiambia, "Bibi, shamba liko mbali, tuliuze." Nawauliza, mbali ni wapi? Hawajui urefu wa kilima kwa sababu hawajakipanda, kimepandwa na petroli. Juzijuzi walipita Wazungu wawili na baiskeli nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, wanazunguka kwa starehe tu, wakiulizia njia tulivu yenye vilima. Niliwaelekeza ya kwangu. Walirudi wekundu kama pilipili, wanacheka, wanasema ni nzuri ajabu. Vijana wangu nao wakacheka: watu wazima, na pesa zao, wanatafuta kuteseka!

Huenda nami nazeeka vibaya. Huenda wao wana haki. Bei mbaya ya korosho hawakuipanga wao, na raha ya mtu siwezi kuipima kwa mizani yangu. Yale yetu yalikuwa na shida zake, na simtakii mtoto kuzirudia. Ila enzi zetu hatukuwahi kuita kitu chetu mbali kabla hatujajaribu kukifikia. Kwa hiyo nimewaambia, na naandika ili ijulikane: nikiwa hai, shamba lile haliuzwi na haliachwi. Magoti yamekwisha. Baiskeli siipandi tena, naisukuma tu na kuiegemea, mlimani na mteremkoni sawasawa, na vijana wananipita kwa vumbi na honi. Nachelewa. Jua linanikuta bondeni. Lakini nafika.